Ua la chozi lina mahali pa kutua

Februari moja, miaka michache iliyopita, nilining'iniza chombo chekundu cha plastiki chini ya paa la baraza letu hapa Arusha, kikiwa na maji ya sukari. Maelekezo niliyapata mtandaoni: sukari sehemu moja, maji sehemu nne, tundika mahali pa wazi, usubiri. Siku ya tatu akaja dume wa chozi, ndege mdogo anayekunywa utamu wa maua, yule mwenye tumbo la njano na kifua kinachometa zambarau. Alikizunguka chombo mara mbili, akajaribu kusimama hewani mbele ya tundu, mabawa yakamwelemea. Akatua juu ya kamba, akajiinamisha kichwa chini, mdomo haukufika. Akaondoka zake hadi kwa jirani, kwenye mshubiri, ndugu wa alovera, uliokuwa umechanua kando ya ukuta, akashika bua kwa kucha zake na kunywa ua baada ya ua kwa utulivu kabisa. Jioni ile chombo changu kilikuwa kimejaa sisimizi.

Maelekezo yale yalikuwa sahihi, ila yaliandikwa kwa ajili ya ndege mwingine wa bara jingine. Kwa kuwa watu wengi huniuliza wapande nini ili ndege wadogo wa rangi waje bustanini, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ushauri unaozunguka mitandaoni ni wa ndege huyo mwingine, naona ni vizuri tuanze kwa kuwatenganisha hao wawili.

Wawili wanaofanana bila udugu

Ndege mvumaji, yule mdogo anayepiga mabawa kwa kasi hadi anavuma kama nyuki, yuko Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini. Spishi zake zinazidi 350, na hakuna hata moja inayoishi Afrika. Wengi wetu tulimfahamu kupitia hadithi aliyopenda kuisimulia hayati Wangari Maathai, ya ndege mdogo aliyebeba matone ya maji mdomoni kwenda kuzima moto wa msitu huku wanyama wakubwa wakimtazama. Hadithi imezoeleka Kenya kiasi kwamba mtu akiona ndege mdogo anayemeta kwenye ua humwita kwa jina la yule wa Amerika. Aliyemwona ni chozi. Jina ni lile lile la tone la jicho, na ukimwona dume akiwa juani, anavyong'aa kama tone la maji, jina hilo linamkaa vizuri.

Chozi wako Afrika, Asia hadi kaskazini mwa Australia, spishi zaidi ya 140. Maskati na Salala wako pia, hivyo ndugu zetu walioko Oman wanaweza kuyatumia mengi ya haya. Lakini kiukoo, chozi na mvumaji hawana uhusiano wa karibu hata kidogo. Mvumaji ni jamaa wa teleka, wale ndege wa mabawa marefu kama mundu wanaokata anga jioni bila kutua. Chozi yuko kwenye kundi kubwa la ndege waimbao, pamoja na shorwe na kwera. Kilichowafananisha ni kazi. Pande zote mbili za bahari palikuwa na maua marefu yenye mbochi, yaani majimaji matamu yaliyo ndani ya ua, na pande zote mbili ndege wadogo wakapata midomo mirefu, ndimi za kufyonzea na manyoya yanayometa.

Tofauti iko miguuni na mabegani. Bega la mvumaji huzunguka kiasi kwamba bawa hupata nguvu likienda mbele na likirudi nyuma pia, kwa hiyo anaweza kusimama hewani mbele ya ua muda wote anaokunywa. Miguu yake ni midogo, ya kushikia kijiti tu, hata kutembea hawezi. Chozi ana miguu imara na kucha za kushika. Anaweza kukaa hewani sekunde chache, na huko Mlima Kameruni watafiti wameona aina moja ikifanya hivyo mara kwa mara kwenye maua ya Impatiens, lakini kwa kawaida yake anatua kwanza, ndipo anakunywa. Ukilishika hili moja, nusu ya mambo ya bustani yanajipanga yenyewe.

Kiti cha mgeni

Chukua Leonotis, mmea unaoota pembeni mwa barabara na kwenye mashamba yaliyolala, mrefu kumpita mtu, wenye mafundo ya miiba kama maboga madogo yaliyopangana juu ya bua moja kama shanga kubwa kwenye uzi. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake sikio la simba. Usogelee asubuhi, saa moja na nusu hivi, wakati maua mapya yamefunguka. Kutoka kwenye kila boga inatoka mirija ya rangi ya chungwa yenye vinyweleo laini, imepinda kidogo kuelekea chini. Chozi anatua kwenye boga la chini, miguu kati ya miiba, anainua kichwa na kuingiza mdomo kwenye mirija ya boga la juu. Mdomo wake umepinda, mrija umepinda, na unaingia kama upanga kwenye ala yake. Wakati huo mdomo wa juu wa ua, ambako chavua imefichwa, unagusa paji la uso wake. Akihama mmea anahama na vumbi la njano kichwani. Nimewahi kuwaona hadi majike, ambao wana rangi ya kijivujivu, wakiwa na paji la njano kabisa, nikadhani ni aina nyingine ya ndege.

Mshubiri nao una bua gumu linalosimama chini ya maua, na mti wa mbambangoma (Erythrina) una matawi manene yasiyo na majani wakati wa kuchanua. Afrika Kusini uko mmea uitwao Babiana ringens ambao umefika mbali zaidi: bua lake kuu halitoi maua kabisa, limebaki kuwa kijiti kitupu kilichosimama juu ya maua yaliyo karibu na ardhi. Watafiti walichapisha mwaka 2005 kwamba kijiti hicho kazi yake ni kutuliwa na chozi. Walipokikata, mimea ilipata mbegu chache zaidi.

Maua mengi ya mvumaji, kwa upande wake, yananing'inia mwishoni mwa vitawi vyembamba au yanaelekea pembeni hewani bila kitu cha kushika. Hayahitaji kiti, mgeni wake hakai. Ndiyo maana chombo changu chekundu kilishindikana, na ndiyo maana baadhi ya maua mazuri ya Marekani yaliyoletwa kwenye bustani zetu, chozi huyachungulia na kuyaacha, au huyatoboa shinani kama mwizi anayevunja ukuta wa nyuma. Tazama maua marefu ya bustani yako, karibu na kikonyo. Ukikuta kitundu kidogo kama cha sindano, chozi amekunywa bila kugusa chavua. Yeye ameshiba, ua halikupata kitu.

Kuhusu nyekundu

Watu hupanda chochote chekundu. Ni kweli kwamba maua mengi yanayotegemea ndege ni mekundu au ya chungwa, lakini sababu yake inaeleweka vibaya. Ndege huiona rangi nyekundu vizuri, nyuki wengi hawaioni vizuri. Ua jekundu ni kama duka lenye kibao ambacho nyuki wanapata shida kukisoma, na kwa sababu hiyo mbochi inawasubiri ndege. Chozi hakuzaliwa akipenda nyekundu. Anajifunza ni ua gani lina kitu ndani, na akishajua hulifuata hata likiwa la njano iliyoelekea kijani, kama Crotalaria agatiflora wa nyanda za juu, ndugu wa marejea tunayopanda kurutubisha mashamba. Maua yake ni kama vindege vya kijani vilivyoning'inizwa mdomo, na chozi huyaendea sana. Harufu nayo haimhusu. Ua linalonukia usiku limelengwa nondo au popo.

Hesabu ya chozi

Sasa sehemu ambayo nadhani ndiyo inayotatiza bustani nyingi, na ambayo kwa bahati nzuri ilifanyiwa utafiti Kenya. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha matokeo ya kumfuatilia chozi wa mabawa ya dhahabu kwenye vichaka vya Leonotis. Walitaka kujua kwa nini ndege huyu siku nyingine anakilinda kichaka chake kwa ukali na siku nyingine anawaacha wengine wanywe.

Walikadiria kwamba chozi akiwa anakula hutumia kalori 1,000 kwa saa, akiketi kijitini hutumia 400, na akifukuza wenzake hutumia 3,000. (Hizi ni kalori ndogo. Elfu moja ndizo zinazofanya moja ya zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula.) Maua yakiwa na mikrolita 1 (sehemu ya elfu ya mililita) ya mbochi kila moja, anahitaji kula saa 8 ili amalize mahitaji ya siku. Yakiwa na mikrolita 2, saa 4 zinatosha. Yakiwa na 3, saa 2.7 hivi.

Hebu tufuate hesabu yao. Kichaka kisicholindwa hunywewa na kila anayepita, kwa hiyo kila ua lina mbochi kidogo. Akikilinda, maua yanapata muda wa kujaa. Tuseme yanapanda kutoka mikrolita 2 hadi 3. Chozi anaokoa saa 1.3 za kula, na muda huo anaketi. Kila saa anayoketi badala ya kula inamwokolea kalori 600, kwa hiyo saa 1.3 zinampa 780. Sasa gharama: ulinzi ulichukua kama saa 0.28 kwa siku, yaani dakika 17 hivi, na saa moja ya kufukuza inazidi saa ya kuketi kwa kalori 2,600. Zidisha, unapata 728. Mapato 780, matumizi 728. Faida ya siku nzima ni kalori 52.

Ni faida nyembamba sana, na ndiyo inayoeleza tabia yake. Maua yakiwa machache mno, kuyalinda hakulipi. Yakiwa mengi mno, kila mtu ameshiba na kuyalinda ni kupoteza nguvu. Katikati ya hapo ndipo ugomvi unapokuwa mkali. Dume anayepigana na kivuli chake kwenye kioo cha gari lako yuko kwenye hesabu hiyo hiyo, ila mpinzani wake haondoki. Funika kioo na mfuko kwa wiki moja mbili, usimwache ajichoshe.

Eneo alilolinda kila ndege lilitofautiana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, takriban 1,600. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilitoka nje kuhesabu maua yangu. Nilikuwa na mashina manne ya Leonotis na mishubiri miwili. Nikaelewa kwa nini chozi walikuwa wanapita kwangu na hawakai. Bustani moja ya mjini mara nyingi haimtoshi ndege mmoja. Ni kituo kimoja katika mzunguko wake, na ukuta wa jirani, uwanja wa shule, kaburi la familia lenye mishubiri na korongo lililoachwa nyuma ya nyumba ni vituo vingine. Ukiwashawishi majirani wawili wapande, unafanya zaidi kuliko kuongeza chombo chochote.

Hesabu hiyo inatoa pia somo la kupanga. Ukiweka maua yote kwenye kona moja, dume mmoja atayamiliki na hutaona mwingine. Gawanya. Fungu moja mbele ya nyumba, jingine nyuma ya jiko, jingine upande wa pili wa mti mkubwa, ili anayelinda la kwanza asilione la pili. Kwetu, tangu tulipogawa hivyo, aina tatu zinakuja kwa siku moja: yule wa tumbo la njano, yule mweusi mwenye kifua chekundu, na chozi wa shaba mwenye mkia mrefu.

Mshubiri ni mgahawa, Leonotis ni nyumba ya rafiki

Maua ya ndege Afrika yako ya namna mbili. Kundi la kwanza lina mbochi nyingi lakini nyepesi: kila ua hubeba mikrolita 40 hadi 100, na sukari ni asilimia 8 hadi 12 tu. Humo ndimo ilimo mishubiri mingi na miti ya jamii ya mbambangoma. Kundi la pili lina mbochi kidogo, mikrolita 10 hadi 30, lakini nzito, asilimia 15 hadi 25, na imefichwa ndani ya mrija mrefu.

Kundi la kwanza liko wazi kwa kila mtu. Mshubiri ukichanua utawaona shorwe, kwera, pasa na kwezi, mradi ndege yeyote mwenye kiu. Aina ya sukari iliyomo pia inawafaa. Kwezi na jamaa zake hawawezi kusaga sukari ya aina ya miwa, na mbochi ya maua haya ina kidogo sana ya aina hiyo. Kundi la pili ni la chozi karibu peke yake, kwa kuwa mdomo wa kwera haufiki chini. Mtu anayelalamika kwamba shorwe na pasa wanamvunjia maua ya mshubiri na chozi wanakimbia, asiung'oe. Apande mirija karibu yake. Mishubiri inawaita ndege wote kwa mbali, mirija inambakiza chozi.

Je, lazima iwe ya asili?

Hapa nitasema ukweli wote, kwa sababu ushauri mwingi unasema nusu. Chozi hunywa kwenye maua ya kigeni kila siku. Callistemon ya Australia, ile yenye maua kama brashi ya kuoshea chupa, hujaa chozi asubuhi. Hibiskasi ya Asia wanaitoboa. Alizeti mwitu, yaani Tithonia ya Meksiko, wanaitumia. Huko Afrika Kusini, utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha chozi wa kijani wakikaa hewani kama wavumaji ili wanywe kwenye Nicotiana glauca, mmea wa Amerika Kusini uliovamia maeneo makavu, nao wakauchavusha ukazidi kuenea. Kwa hiyo anayesema chozi hatakuja bila mimea ya asili anakosea.

Sababu za kupanda ya asili ziko kwingine, na mojawapo ni huo uvamizi. Lantana na Tecoma stans, zote za Amerika, zililetwa kama maua ya bustani na leo zinakaba malisho na kingo za misitu yetu. Ukimlisha chozi kwa mmea wa namna hiyo unamfanya mbebaji wa tatizo. Sababu ya pili ni maji: mshubiri wa kwenu umezoea kiangazi cha kwenu, hauhitaji kumwagiliwa Januari wakati mabomba yamekauka. Lakini ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo haihusu maua.

Ni chakula cha makinda. Mbochi ni maji na sukari, karibu haina cha kujengea mwili. Kinda la chozi hulelewa kwa wadudu laini na buibui, na wazazi wenyewe hula wadudu kila siku. Wadudu wengi wanaokula majani wanakula mimea waliyoizoea kwa maelfu ya miaka, na mmea uliotoka bara jingine unaweza kusimama bustanini miaka 20 bila kiwavi hata mmoja. Kwa macho ya mwenye nyumba huo ni mmea safi. Kwa chozi mwenye makinda mawili kiotani ni ghala tupu.

Buibui wana kazi nyingine pia. Jike hujenga kiota peke yake mara nyingi, mfuko unaoning'inia kwenye kitawi, mlango ubavuni na mara nyingi kibaraza kidogo juu yake cha kuzuia mvua. Nyasi kavu, magome, kuvu za mitini, vyote vinashikizwa kwa utando wa buibui. Nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikimtazama akikusanya. Hauvuti utando kama uzi. Anausokota mdomoni, kichwa kikizunguka, hadi unakuwa donge dogo la kijivu, kisha anaruka nalo. Kiotani anaupaka na kuunyosha kwa kifua chake kutoka ndani, kiota kikivimba kidogo kila anapogeuka.

Mama mmoja wa jirani, mtu mzima, alinikuta nikiwa nimesimama hivyo barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nyumba yako imejaa utando? Huna fagio?"

Nikamwonyesha jike akirudi kwa donge la pili. Alisimama pale hadi chai ikapoa, na alipoondoka alisema atamwambia msichana wake asifagie pembe za banda la kuku mpaka mvua ziishe.

Dawa za wadudu ziache kabisa sehemu hiyo ya bustani. Vidukari wachache kwenye machipukizi ni chakula. Usishangae pia ukiona kekeo akizurura karibu na kiota, kwani wako kekeo wadogo wa kijani wanaotaga ndani ya viota vya chozi na kuwaachia ulezi. Ni sehemu ya mambo yao, waache.

Wapi, lini, namna gani

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, una bahati ya kuwa na hibiskasi ya asili kabisa, Hibiscus schizopetalus, yenye petali zilizochanika kama kitambaa cha lesi na ua linaloning'inia. Imesambaa bustani za dunia nzima, lakini kwao ni pwani yetu, na chozi wanaifahamu. Upande wa Kenya kuna mishubiri ya huko huko, Aloe rabaiensis na Aloe kilifiensis. Ukikaa karibu na mikoko, mtazame muia, ambao wengine huuita msinzi: ua lake jekundu hutegemea ndege, na petali zake hushikilia chavua hadi zinapoguswa ndipo zinafyatuka. Huo hupandi bustanini, unaulinda ulipo.

Nyanda za juu, Arusha, Moshi, Lushoto, Nairobi, Mbeya, Kabale, chaguo ni kubwa. Leonotis huota kwa mbegu kirahisi mwanzoni mwa mvua, tena hujipanda wenyewe, kwa hiyo ng'oa mingine isijae. Mbambangoma, ambao Wakikuyu huuita mũhũtĩ, hushika kwa kipande kinene cha tawi kilichochomekwa ardhini. Ni mti mkubwa, uweke mbali na nyumba, na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu, watoto wasizichezee. Kniphofia, ua linalosimama kama mwenge, hupenda mahali penye unyevu. Tecomaria capensis, wa asili kutoka kusini mwa Tanzania hadi Afrika Kusini, hufanya ua mzuri wa boma kwa vipandikizi. Combretum paniculatum hutambaa juu ya miti na kuchanua nyekundu tupu kabla majani hayajatoka.

Mishubiri usichimbe porini. Yote isipokuwa alovera iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na vilima vingi vimeshabaki vitupu. Omba kichipukizi kwa mtu aliye nao, kiache kivulini siku tatu nne jeraha likauke, kisha kipande kwenye udongo unaopitisha maji. Kirukia kinachoota juu ya mti wako nacho usiwe mwepesi kukikata chote. Vichipukizi vya maua yake hufyatuka chozi akivibana, na kumrushia chavua usoni. Kama mti una afya, acha kirukia kimoja.

Wasomaji walioko Marekani na Kanada, kwenu mambo yanageuka, na maua yasiyo na kiti yanafaa. Upande wa mashariki anayezaliana ni mvumaji mmoja tu, mwenye koo jekundu, anayekuja majira ya kuchipua na kuondoka kabla ya baridi. Mpandieni Lonicera sempervirens, Monarda didyma au Lobelia cardinalis. Huyo wa mwisho ni ndugu wa malobelia makubwa ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, ambako chozi wa milimani hupanda hadi kwenye baridi kali kuyanywa. Ukoo mmoja wa mimea, mabara mawili, na kila upande umejipatia ndege wake.

Chombo cha sukari sikihitaji tena. Maji ya sukari huchacha haraka kwenye joto letu, na chombo kisichooshwa mara kwa mara kinaweza kuambukiza magonjwa. Maji ya kawaida yanamfaa zaidi. Chozi hapendi beseni sana kama anavyopenda majani yaliyolowa: nyunyizia mgomba jioni, naye atajiviringisha juu ya jani huku akipigapiga mabawa hadi manyoya yote yasimame.

Kinachobaki ni kalenda. Chukua karatasi, andika miezi 12, na mbele ya kila mwezi andika kinachochanua kwako. Mwezi mtupu ndio unaomfukuza ndege, hata kama miezi mingine imefurika. Kwangu Leonotis inanifikisha kutoka mwisho wa masika hadi Julai, mbambangoma unaanza Agosti ukiwa hauna jani, Tecomaria inajaza vuli. Pengo liko Februari. Mwaka juzi nilipanda Halleria lucida, mti wa milimani unaotoa maua mekundu moja kwa moja kwenye shina na matawi ya zamani, nikitumaini siku moja utaliziba. Umefika kiunoni na bado haujachanua. Kwa sasa, kila Februari, dume wa tumbo la njano anakatiza uwanja wangu bila kusimama na kwenda ukutani kwa jirani, kwenye mshubiri ule ule.